Nyumba Iliyolalwa Mchana

Sakafu ilikuwa imefagiwa. Hilo ndilo lililomsumbua Kerosi, fundi mkuu wa mjengo wa msikiti mpya mjini Migori, kwa sababu vijana wake hawakuwa watu wa kufagia. Saa sita walivuka barabara kwenda kula ugali na matumbo, wakaacha ghorofa ya wanawake imejaa vumbi la simiti na vipande vya mbao. Waliporudi, vumbi lilikuwa limesukumwa pembeni, na sakafuni ilibaki mistari ya ufagio, imepinda kama nusu duara, mmoja baada ya mwingine, hadi dirishani.

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akauliza ni nani. Kisha siku moja hakwenda kula.

Alikaa chini, juu ya mfuko wa simiti, akingoja. Adhana ya adhuhuri ilipotoka msikiti wa zamani, alisikia juu yake, shwaa, shwaa, polepole, kama ufagio wa mwanamke ambaye hana haraka kwa kuwa yuko kwake. Alipanda ngazi ambazo hazikuwa na ukingo bado. Sauti iliendelea mpaka kichwa chake kilipolingana na sakafu, ndipo ikanyamaza. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya chokaa mbichi na ya maji ya ziwa, yale yanayolala chini ya matete. Kutoka Migori hadi ziwani ni mwendo.

Alimpigia simu Nicanor, aliyekuwa amechora jengo hilo.

"Ni upepo," Nicanor alisema alipofika kutoka Homa Bay na kuiangalia ile mistari.

"Injinia, upepo hauinami."

"Mimi si injinia, Kerosi. Ni msanifu majengo."

"Sawa, Injinia."

Nicanor alikuwa ameacha kupigania jina hilo. Alikuwa na kazi, na kazi yake ilijulikana kuanzia Isebania hadi Mbita. Alijenga kwa zege tupu, bila rangi, bila nakshi. Alisema ukuta mkweli hauhitaji kupakwa kitu. Uachie mwanga ufanye kazi yake. Wafanyabiashara wa Isebania walimlipa awajengee nyumba ambazo majirani waliziita maghala mpaka walipoingia ndani. Huko Ndhiwa aliwajengea Wakristo kanisa la mviringo lenye mwanya mmoja darini. Kamati ya msikiti wa Migori ilipoona ramani isiyo na kuba, mwenyekiti wake, Mzee Mubarak, muuza vifaa vya ujenzi, alisema, "Msikiti bila kuba ni kama mimi bila kofia." Nicanor akamwonyesha mahali ambapo jua la adhuhuri lingeshukia kwenye mihrabu. Mzee Mubarak alivua kofia, akajikuna, akasema haya.

Yote hayo yalizaliwa na nyumba moja. Ilikuwa Mbita, juu ya mwamba unaotazama kisiwa cha Rusinga, na mwenyewe alikuwa Jacktone, mzee aliyestaafu kazi ya melini. Ilikuwa nyumba ya kwanza ambayo Nicanor aliichora peke yake. Siku vioo vilipowekwa, wakati wa mchana, mafundi wakiwa nje, alijinyoosha sakafuni chini ya dirisha refu, akalala.

Huko hakuna fundi anayefanya hivyo. Nyumba mpya hulalwa kwanza na mwenyewe pamoja na mkewe, na kabla ya hapo hata mvua ikinyesha, aliyechoka hujikunyata nje chini ya turubai. Nicanor alilijua hilo tangu utoto. Alilala hata hivyo, kwa kuwa alichoka, na kwa kuwa hakutaka mtu mwingine awe wa kwanza.

Kerosi ndiye aliyemwamsha, jua likiwa limeshageuka.

"Injinia! Umelala ndani? Basi umeoa."

Nicanor alipiga nyumba kofi la upole ukutani. "Nimeoa, ndiyo. Huyu ndiye mikayi wangu. Wengine watakuja nyuma yake."

Mikayi, kwa Waluo, ni mke wa kwanza. Anayemfuata ni nyachira, na nyumba ya nyachira haijengwi kabla ya nyumba ya mikayi kusimama. Mafundi walicheka. Kerosi, ambaye ni Mkisii lakini alijifunza Kijaluo kwenye mijengo, alicheka kuliko wote.

Mke wa Jacktone hakudumu katika nyumba ile. Kila alipoamka alikuta viatu vyake nje ya mlango, vimepangwa vizuri, vidole vikielekea barabarani. Alimlaumu mumewe, mumewe akamlaumu yeye, mwishowe akavivaa viatu akaenda vilikoelekea. Jacktone alihamia mjini. Nyumba ilibaki na kufuli. Nicanor aliposikia alisema watu hawajui kuishi na mwanga mwingi.

*

Mke wa Nicanor, Roseline, aliuza mapazia sokoni Homa Bay. Aliwapimia wanawake wengine madirisha ya nyumba zao, jioni akarudi kwenye vyumba vya kupanga, mali ya Momanyi, ambavyo madirisha yake yalitazama choo cha jirani. Walikuwa na binti mmoja, Lynnet, aliyesoma shule ya bweni na kuwaambia wenzake kwamba baba yake hujenga nyumba.

"Baba Lynnet," Roseline alimwambia mumewe, "umemjengea Yesu Ndhiwa. Sasa unawajengea Waislamu Migori. Mimi nisali kwa nani ili nijengewe?"

"Yako itakuja. Nataka iwe nzuri kuliko zote."

"Sitaki iwe nzuri. Nataka iwe yangu."

Hakuwahi kukanyaga nyumba ya Mbita. Picha yake ilining'inia ofisini kwa mumewe, mahali ambapo wanaume wengine huweka picha ya arusi, na Roseline alipopita hapo alitazama upande mwingine. Alijua ni upuuzi kuionea wivu nyumba. Aliionea.

Siku hizo alianza kunusa mashati ya mumewe. Chokaa aliizoea. Lakini mtu anayeshinda Migori anaipata wapi harufu ya ziwa? Akayafua mara mbili. Kisha jioni moja simu ya Nicanor iliita akiwa ananawa, naye akaiweka kwenye spika, na sauti ya Kerosi ikajaza chumba: "Injinia, yule mwanamke amekuja tena. Amefagia mpaka ngazi."

Nicanor aliikata haraka.

"Mwanamke gani?" Roseline aliuliza.

"Ni mambo ya mjengo."

"Anafagia mjengo?"

"Rose, wacha."

Aliacha. Siku iliyofuata mumewe alipoondoka, alifunga kibanda chake, akamwambia jirani anakwenda kudai kitambaa, akapanda gari la Migori.

Alifika mafundi wakiwa wamekwenda kula. Mlangoni alivua ndala zake, kwa kuwa hata bila kuba aliona ni nyumba ya ibada. Upande wa mbele Nicanor na Mzee Mubarak walikuwa wanapima mihrabu, wamempa mgongo. Juu, mtu alikuwa anafagia.

Alipanda akiwa na maneno tayari. Alikuwa ameyapanga njia nzima: ataanza na jina lake, atataja arusi ya kanisani, atamtaja Lynnet. Alipotokeza juu alimwona mwanamke amempa mgongo, ameinama, kitenge kimefungwa kiunoni, mkono mmoja mgongoni kama wafanyavyo wanawake wanaofagia ua wao asubuhi, na maneno yake yote yakapungua hadi moja.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba," mwanamke alijibu bila kugeuka.

"Mwenye nyumba gani? Huu ni msikiti."

"Hii ni yake. Zote ni zake. Na yeye ni wangu."

Roseline alisogea ili amwone uso, naye yule akageuka kidogo, kiasi kilekile, Roseline akazunguka zaidi, na yule akazidi kugeuka, ufagio haukomi, mpaka Roseline akatambua kwamba amekwisha kumzunguka duara nzima na bado anatazama mgongo, na kwamba miguu ile haikuacha alama kwenye vumbi bali ilikuwa inatoa maji, maji membamba yenye harufu ya matete yaliyotiririka juu ya zege bila kulilowesha, yakimjia yeye, yakifika vidoleni, yakipanda.

Chini, Nicanor na Mzee Mubarak walisikia wanawake wawili wakizozana. Kisha wakasikia kwamba sauti zote mbili ni moja.

Walimkuta Roseline amechuchumaa, anafagia kwa viganja. Ngozi ilikuwa imechubuka na mistari ya nusu duara ilikuwa ya damu.

"Rose," Nicanor aliita.

"Rose ametoka," mdomo wa Roseline ulisema. "Viatu vyake viko nje."

Kerosi, aliyekuwa anarudi kutoka kula, aliziona ndala pale mlangoni. Zilikuwa zimepangwa vizuri, vidole vikielekea barabarani.

*

Maalim Abdullah alikuja na chupa ya maji na kijana wake, ambaye alimrudisha nyumbani asione. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa sauti ndogo. Alisoma juu ya maji, akamnyunyizia Roseline usoni, akasoma tena. Roseline alitulia kama mgeni anayesubiri salamu ziishe.

"Asalaam aleikum," Maalim alisema.

"Waaleikum salaam," alijibu Roseline, ambaye maisha yake yote alikuwa Msabato.

"Wewe ni nani?"

"Mikayi."

Kerosi alirudi nyuma hadi ukutani.

"Ndoa ina mashahidi," Maalim alisema. "Wako ni nani?"

Kiganja chenye damu kilinyooshwa kuelekea ukutani. "Huyo. Alisema, umeoa. Mume akasema, nimeoa. Wakasikia na wengine."

"Ilikuwa mzaha, Maalim," Kerosi alisema kwa kunong'ona. "Mzaha wa mjengo. Nani hajui mzaha?"

"Mahari?" Maalim aliuliza.

"Usingizi wake. Mwamba ule ulikuwa wangu kabla ya nyumba, nikawaacha wajenge. Nikangoja mwenyewe aje alale nimwone. Akalala huyu. Akaniita mke."

"Unataka nini kwake?"

"Zamu yangu." Sauti ilishuka, ikawa karibu ya kusihi, na hilo liliwatisha kuliko kelele. "Mara moja tu amelala kwangu. Anakwenda Isebania, anakwenda Ndhiwa, anakuja hapa, kila mahali anaweka dirisha zuri, kila mahali anakaa anatazama mwanga. Nimevumilia. Nimewafagilia wake wenzangu wote. Hawa ni wa watu, atawaacha. Lakini huyu," na mkono ukapiga kifua cha Roseline, "huyu anataka kujengewa. Akijengewa nitaingia mbele yake. Mke mdogo hatangulii."

Nicanor alikuwa amepiga magoti. Maalim alimwinua, akamshusha ngazi.

"Kwetu ndoa hii haina hata mguu mmoja wa kusimamia," alisema. "Wewe Mkristo, yeye jini, shahidi wenu mtu wa mizaha. Lakini yeye ameshika neno lako, na wewe ndiye ulilitoa. Nenda mahali palepale, wakati uleule, umwache kwa mdomo huohuo."

"Mke wangu atapona?"

"Inategemea unamaanisha yupi unaposema mke wangu."

*

Walimwacha Roseline nyumbani kwa Mzee Mubarak, chini ya uangalizi wa mkewe, Bi Kaltum, aliyemfunga viganja na kukaa naye akisoma. Nicanor, Maalim na Kerosi walikwenda Mbita. Jacktone aliwapa ufunguo bila kuuliza kitu. Alisema tu kwamba kuna tajiri wa hoteli anaitaka ile nyumba, na kama wana la kufanya walifanye kabla wageni hawajaanza kuja.

Nyumba haikuwa imefunguliwa kwa miaka. Ndani hapakuwa na utando wa buibui hata mmoja. Sakafu ilikuwa inang'aa. Mwanga wa saa sita ulishuka kwenye dirisha refu, ukaegemea ukuta wa zege, ukafanya kile ambacho Nicanor alikichora akiwa kijana bila kujua kwamba kinawezekana, na akasimama pale akielewa kwamba katika yote aliyoyajenga baadaye alikuwa anajaribu kurudi hapa.

"Sema," Maalim alimwambia.

"Nimekuacha," Nicanor alisema.

Kitu kilipumua ukutani. Harufu ya matete ikajaa chumba.

"Tena."

Nicanor alifungua mdomo. Alimfikiria tajiri wa hoteli. Aliwafikiria wageni wakivuta viti juu ya sakafu ile, wanaume wasiomjua wakilala chini ya dirisha lake, wakiamka wakisema wamelala vizuri. Kitu kikamchoma kifuani, na akakijua, kwa maana amekiona mara nyingi usoni mwa Roseline akipita mbele ya ile picha.

"Tena, Nicanor. Sema mpaka tatu, umalize."

"Imetosha, Maalim. Amesikia."

Maalim akamgeukia. "Talaka moja ni mlango uliorudishwa bila komeo. Ana eda yake, miezi yake ya kungoja. Mpaka iishe, usimrejee kwa neno wala kwa tendo."

"Nitairejea vipi nyumba?"

"Wewe ndiye unayejua mlivyokutana."

Walipofunga mlango, simu ya Maalim ililia. Alikuwa Bi Kaltum. Roseline amefumbua macho, ameomba chai, anauliza ndala zake ziko wapi.

*

Migori hakuna aliyesikia ufagio tena. Msikiti ulikamilika, jua likashukia mihrabuni kama lilivyoahidiwa, na Mzee Mubarak akawaambia wageni kwamba wazo la kuacha kuba lilikuwa lake.

Roseline alirudi sokoni na makovu viganjani. Nicanor aliiondoa picha ya Mbita ukutani bila kuambiwa. Alinunua ploti kwenye mteremko juu ya Homa Bay, akaketi kuchora nyumba ya mkewe wiki ileile, eda ikiwa haijaisha, kwa kuwa aliona aibu na hakutaka kungoja tena. Mkono wake haukuwahi kuwa mwepesi hivyo. Mistari ilikuja yenyewe. Wakati mwingine aliinua kichwa akakuta jua limeshageuka na hakumbuki kuchoka.

Roseline hakutaka kuona ramani. "Nitaiona nikiingia," alisema. "Wewe nipe vipimo vya madirisha tu." Akapewa. Akashona mapazia mwenyewe, ya rangi ya machungwa, pamoja na moja refu kuliko yoyote aliyowahi kumshonea mteja.

Kerosi ndiye aliyejenga. Siku walipomimina zege la ukuta wa mashariki alisimama na mwiko mkononi.

"Injinia, hii kona naijua."

"Kila fundi ana mkono wake, Kerosi. Utaona mkono wangu kila mahali."

Kerosi alitaka kusema kitu. Lakini mdomo wake ulikwisha kumponza mara moja, na sasa aliuchunga. Aliendelea kusawazisha zege. Jambo moja alilifanya kwa bidii: hakuna fundi aliyelala mle, wala aliyeketi akasinzia, na ufunguo aliuvaa shingoni yeye mwenyewe mpaka siku ya mwisho.

Siku hiyo walipanda mteremko mchana, Nicanor na Roseline, wawili tu, kama inavyotakiwa. Roseline alibeba jiko lenye makaa yaliyowashwa kwenye vyumba vyao vya zamani, na mapazia begani. Nicanor alibeba mkeka. Kerosi aliwakabidhi ufunguo getini, akawatakia usingizi mwema, akaondoka bila kuangalia nyuma.

Roseline alisimama mbele ya mlango wake. Alitua jiko. Alikuwa analia na kucheka.

"Na kweli ni yangu, Baba Lynnet?"

"Ni yako."

Alivua ndala, akaziacha kizingitini, vidole vikielekea ndani. Nicanor akafungua kufuli, mlango ukasukumika. Jua lilikuwa limefika mahali pake. Lilipita kwenye dirisha refu, likaegemea ukuta wa zege, na Nicanor alipoliona alisahau kwamba ana mkeka begani, ukaanguka, kwa kuwa sasa alijua mahali mkono wake ulikokuwa umempeleka siku zote zile, na alijua pia, kabla hajaitazama sakafu, kwamba haitakuwa na vumbi la mafundi, na kwamba itakuwa na mistari, imepinda kama nusu duara, mmoja baada ya mwingine, kutoka dirishani hadi miguuni pao, na aibu iliyompata ilikuwa ndogo kuliko furaha.

Roseline hakuwa ameona kitu bado. Macho yake yalikuwa na machozi. Kwa mzaha, kama mgeni, alibisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi?"

"Karibu, nyachira," mwanamke alijibu kutoka ndani.

Roseline alimgeukia mumewe. Mumewe alikuwa anatazama mwanga. Roseline akainamisha kichwa, akaziona ndala zake, vidole vikielekea barabarani.